Yaliyokatwa

Mhariri aliniomba maneno mia tano.
Akachapa themanini, na chini yake tangazo la mabati ya rangi.
Simlaumu. Mabati yanalipa.
Lakini yaliyokatwa ninayo, nayaweka hapa
yasije yakaliwa na panya dawatini.

Nilikwenda Upanga na sentensi tayari mfukoni:
kwa kiwango cha kwetu, si haba.
Miaka kumi na tisa nimeitumia sentensi hiyo
kama mtu anayempa mtoto wa jirani shilingi mia
ili aondoke mlangoni.

Ukumbi wa viti tisini, watu thelathini na wawili,
feni moja inayokohoa.
Chausiku Ndembo, aliyeichora filamu hii miaka saba
katika chumba cha kupanga Tandika,
alikaa karibu na mlango wa kutokea,
viatu amevua.

Utenzi wenyewe tunaujua, au tulidhani:
siwa ya mji imeibwa,
Mwana Ndiwa anakwenda kuidai kwa Sultani Hambari.
Shuleni tulikaririshwa beti zake kwa fimbo.
Mimi nilimchukia Mwana Ndiwa hadi juzi Ijumaa.

Lakini tazameni alichofanya huyu binti.
Jeshi la Hambari ni njiti za kiberiti,
elfu mbili na mia nne, kila moja na kivuli chake,
na zinapoungua zinaungua kweli:
alikuwa na nafasi moja tu ya kulipiga picha.
Ukuta wa mji ni risiti za Luku
zilizobandikwa kwa uji wa muhogo;
ukikaza macho unasoma tarehe, unasoma yuniti,
unajua usiku gani alikuwa na umeme.
Na Mwana Ndiwa ni mkaa.
Mkaa mtupu kwenye karatasi.
Kila anapopiga hatua, hatua iliyopita haifutiki sawasawa,
inabaki kama jivu,
hata anapofika mbele ya kiti cha Sultani
anaburuza nyuma yake safari nzima.
Hapo niliacha kuandika. Kalamu ilikuwa nzima.

Sauti ya Sultani ni ya Shomvi Mkumbukwa,
mnadi wa mitumba, soko la Karume,
mtu ambaye tangu alfajiri anauza,
kesho anauza, Idi mosi anauza,
na hapa amepewa kusema hauzi:

    Siwa hii siiuzi
    kwa dhahabu na feruzi,
    hata uje na wajuzi,

Umeme ukakatika.
Feni ikakohoa mara ya mwisho.
Tukakaa gizani kama watu waliozoea, maana tumezoea,
mtu akitafuta tochi ya simu,
ndipo kiti cha nyuma yangu kikalia kwii, na mtu akasimama:

    rudi kwenu, mwanamke.

Sikugeuka. Shingo ilikataa.
Kimya. Halafu kutoka mlangoni, si mwigizaji,
ni Chausiku mwenyewe, sauti nyembamba, pekupeku:

    Wafu wetu hawazikwi,
    wala sanda hawavikwi,
    mfalme hasimikwi,
    basi sirudi mpweke.

Umeme ulirudi baada ya dakika kumi na moja.
Picha ikaendelea palepale ilipokomea.
Tulishusha pumzi,
na nadhani tulisikitika kidogo.

Kasoro? Zipo.
Sehemu ya tatu inachechemea.
Farasi wanalia kama vifuu vya nazi, kwa kuwa ni vifuu vya nazi.
Ngoma ya mwisho imerefushwa
na mtu aliyemwonea huruma mpigaji.
Naziandika ili mjue nilikuwa macho.

Nje, Chausiku akivaa viatu, akaniuliza:
Utaandikaje?
Nikamwambia sijui.
Sijawahi kumpa msanii jibu zuri zaidi ya hilo.

Jumapili nikanunua gazeti kama mtu baki.
Yale themanini yaliyochapwa yanaishia hivi:
kwa kiwango cha kwetu, si haba.
Sikuandika mimi.
Mhariri alidhani nimesahau.